Bandari Si Mchezo, Ndiyo Maana Tuicheze Kwanza

Watu wangu, Mombasa tunaishi kwa mizigo. Hapa Kiembeni, ukiuliza hukosi dereva wa lori, turnboi, ama klaki wa kuondoa mizigo. Uamuzi mmoja wa bandarini unafika mpaka kwenye sufuria ya mtu.

2019 serikali iliagiza mizigo kutoka nje ipande SGR. Wenye malori wakaandamana. Septemba 2022, Rais Ruto akiapishwa, akatangaza shughuli za kuondoa mizigo zirudi Mombasa. Miaka mitatu ya vuta nikuvute, na waliojaribiwa ni sisi, kwa riziki zetu halisi.

Kuna njia nyingine. Chuo cha MIT, Marekani, kina mchezo wa tangu miaka ya 1960. Mmoja ni mwenye duka, mwingine wa jumla, wa tatu msambazaji, wa nne kiwanda. Kila wiki ya mchezo unaagiza bidhaa, mzigo unachelewa kufika, na hamruhusiwi kuongea. Wateja wanaongeza mara moja tu, katoni 4 hadi 8, kisha wanatulia. Lakini wachezaji wanashikwa na wasiwasi, wanaagiza kupita kiasi, halafu kila kitu kinafika kwa mpigo! Profesa John Sterman aliandika 1989 kwamba gharama zao zilikuwa kama mara 10 ya zile zinazowezekana. Na lawama? Kwa mteja.

Kompyuta peke yake isingeonyesha hayo, manake haina wasiwasi wala haisikii fununu. Sisi tunajua: maji yakikatika, aliyezoea mtungi mmoja anajaza sita.

Utasema mchezo si maisha, hakuna anayelala njaa. Kweli, na hiyo ndiyo faida yake. Ukikosea, unafuta ubao unaanza upya. Agizo la serikali halifutiki hivyo.

Kwa hivyo kabla ya agizo lingine, wakubwa wa bandari na wizara wakae meza moja na dereva halisi, klaki halisi, na mama anayewauzia mahamri. Wacheze mwaka mzima kwa siku moja, na matokeo tuonyeshwe sote. Lakini nafasi ya dereva asipewe afisa wa kuigiza. Afisa hajawahi kulala kwa lori siku tatu akingoja karatasi.