Handaki Lililofukiwa na Somo la Historia

Walimu wengi wa historia tungali tunafundisha kwa imla: mwalimu asoma, wanafunzi waandika, na mtihani ukipita yote husahauliwa. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi hajaanza kusoma historia mpaka aulize, "Jambo hili limejulikanaje?" Handaki la ngome lililofukiwa laweza kumfundisha swali hilo.

Tuchukue mfano wa Fort Pitt, mjini Pittsburgh, Marekani, mahali ambapo mito ya Allegheny na Monongahela hukutana na kufanya mto Ohio. Waingereza waliijenga ngome hiyo kati ya 1759 na 1761, karibu na ngome ya Wafaransa ambayo wenyewe waliichoma mwaka 1758. Baadaye Fort Pitt ilibomolewa, na juu yake yakaja maghala na reli. Leo mahali hapo ni bustani ya watu wote, iliyokamilishwa mwaka 1974. Sehemu ya handaki iliyokuwa wazi ilijazwa udongo tena mwaka 2007, ijapokuwa baadhi ya wapenzi wa historia walipinga.

Katika bustani ya namna hiyo haifai bomba la maji lichimbiwe ovyo. Mtaalamu wa mambo ya kale husimama ukingoni akitazama kila tabaka. Handaki la kale hujulikana kwa udongo wake: chini tope lililotuama zamani za ngome, juu yake vifusi vya siku za kubomoa. Rangi ya udongo ikibadilika, husimamisha kazi, akapima, akachora na kupiga picha. Hana budi, kwani tabaka zikishachanganywa hazipangiki tena.

Je, kuna faida gani? Barua na ramani za ngome huandikwa na maofisa. Wenyeji wa asili walioizingira Fort Pitt mwaka 1763 hawakuziandika, wala askari wa kawaida na wake zao. Kifungo, mfupa au kigae kilichoangukia handakini huweza kuwasemea. Sisi, ambao mengi ya historia yetu yaliandikwa kwanza na wageni, twapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine.

Basi shimo la msingi au la choo likichimbwa shuleni, mwalimu awapeleke wanafunzi kulitazama kabla halijafukiwa. Wakae mbali na ukingo, wachore tabaka wanazoziona, na kila mmoja aandike kwanza alichokiona, kisha, kando, anachokidhani. Wasichimbe magofu kamwe. Hiyo ni kazi ya wenye ujuzi na idhini.

Yawezekana mwalimu akasema muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli. Lakini zoezi hili lataka vipindi viwili tu, na mwanafunzi aliyejifunza kutenga alichokiona na alichokidhani atakisoma hata kitabu chake cha historia kwa macho mengine.