Maelezo ya zana ni sehemu ya ulinzi
Wakala wa akili unde anayelinda mtandao kwa kawaida haoni msimbo ulio ndani ya zana anazopewa. Anasoma jina, maelezo na taarifa zinazotakiwa, kisha anaamua. Akiambiwa tu kwamba zana fulani “hushughulikia kompyuta”, hatajua kama itaikagua au itaitenga na mtandao, na kuitenga kimakosa seva ya hospitali kunaweza kuumiza watu sawa na shambulio lenyewe. Kwa hiyo maelezo yaseme zana inabadilisha nini, lini isitumike, na kama hatua yake inaweza kutenguliwa. Wapo wanaodai kuwa modeli za sasa za akili unde zina uwezo wa kukisia. Zinakisia, ndiyo, lakini kukisia hakufai pale ambapo amri moja hufuta akaunti. Hoja nzito zaidi ni kwamba maelezo yenyewe yanaweza kutiwa sumu: mwaka 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kuwa maagizo yaliyofichwa katika maelezo ya zana zinazotumia MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic mwaka 2024, yanaweza kumfanya wakala avujishe mafaili ya siri. Hilo halituruhusu kuandika kwa mkato; linatudai tuyakague maelezo kwa ukali ule ule wa kukagua msimbo, kila yanapobadilishwa, na idhini ya hatua zisizotenguka ibaki kwa binadamu.