KOSA LIPEWE JINA LAKE

Makosa hayawi sawa. Mwizi wa kuku si muuaji, na mkwepa ushuru si mwenye kuuza nchi. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa mapema kwamba wanavyuoni wamezipanga adhabu kwa daraja: hudud, kisasi na taaziri. Na adhabu inavyozidi ukali, ndivyo ushahidi unavyotakiwa uzidi nguvu.

Tuitazame Tunduma, mkoani Songwe, mpakani na Zambia, ambako na watu wa Visiwani hufika kibiashara. Mtu akipitisha robota la vitenge kwa njia ya panya amekosa, wala hatumtetei. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imekwisha mwekea malipo yake: mali hutaifishwa, naye hutozwa faini ya nusu ya thamani yake, au hufungwa muda usiozidi miaka 5, au vyote viwili. Kosa lina kipimo na adhabu ina kikomo.

Lakini kitendo kile kile, mwendesha mashtaka akikiita utakatishaji fedha, mizani imepinduka. Dhamana hapana. Mtu hukaa mahabusu mwaka, hata miaka, na shahidi wa kwanza hajasimama. Duka limefungwa, watoto wametawanyika. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana, chapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikakirejesha.

Nasi Visiwani hatuhitaji kuhadithiwa. Masheikh wa Uamsho walishtakiwa Bara kwa ugaidi, wakakaa gerezani miaka na miaka, mpaka mashtaka yakafutwa Juni 2021 bila ya hukumu. Nani atawarejeshea umri wao?

Hatudai wahalifu waachiwe. Twadai mawili: jina la kosa lifuate kitendo, lisifuate chuki ya mwenye kushtaki, na dhamana iwe mkononi mwa hakimu, aitoe au aizuie kwa sababu atakazozitaja mbele ya watu. Adhabu itanguliayo hukumu ni dhulma, hata ikivishwa joho la sheria.

Ndugu mwanachama, usiseme Tunduma ni mbali. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.