Kioo cha Michezo na Mizani ya Nyumba

Ndugu msomaji wa Kilwa na Lindi, mwanao akikuomba kioo cha kompyuta cha michezo, usikimbilie kusema "haramu", wala usifungue mkoba kwa kuona haya. Shika mizani.

Faida ipo. Kioo cha kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde. Hiki hubadili mara 144, na vingine mara 240. Mchezo wa mbio hupita machoni bila ya ukungu. Lakini kasi hiyo haionekani ila kompyuta yenyewe iwe na nguvu ya kuitoa; ikiwa haina, umelipia wepesi usiouona. Na somo la hisabati, barua na hesabu za duka, zote zasomeka vyema kwa mara 60. Basi ile ziada ya bei ni ya mchezo. Kwa mwenye ada ya shule isiyolipwa, hiyo ndiyo israfu.

Nasi wazee tujihukumu. Wangapi twakaa barazani kwa bao, adhana ya Alasiri ikatupita, kisha twarudi nyumbani kumgombeza kijana? Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Sura ya Al-Asr, wala hakubagua wakati wa kijana na wa mzee.

Basi mnunulie cha kawaida, kikae ukumbini mbele ya watu, si chumbani. Muadhini akiadhini, yeye akizime, nawe uinuke baoni. Likikushinda lako, usimwamrishe lake.