Breki za pikipiki mpya zisiachiwe bei peke yake

Katika biashara ya pikipiki za abiria, maarufu kama bodaboda, anayechagua breki mara nyingi siye anayezitegemea, na jambo hilo moja linaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini pikipiki mpya zinaendelea kuingia katika barabara za Tanzania zikiwa na breki duni kuliko zile ambazo viwanda vinaweza kuzitengeneza. Tajiri, yaani mwenye mtaji anayenunua chombo na kumkabidhi kijana kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba wa kukimiliki baada ya kumaliza marejesho, hutazama bei, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa spea. Dereva hupokea alichopewa. Na abiria anayepanda nyuma hana nafasi hata ya kuuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na soko linaloongozwa na wasioendesha haliwezi kutarajiwa kudai breki bora kwa hiari yake.

Pikipiki nyingi za kazi hii zina injini ya ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150, na zile za bei ya chini hufungwa breki za ngoma mbele na nyuma. Breki ya ngoma ni chombo cha duara kilichomo katika kitovu cha gurudumu, ambamo viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyobandikwa utando mgumu wa msuguano, hutanuka na kukandamiza ukuta wa ndani pale waya au fimbo ya chuma inapovutwa. Breki ya diski, kwa upande wake, ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, ambayo hubanwa pande zote mbili na pedi zinazosukumwa na mafuta ya breki, na kwa kuwa sahani hiyo iko wazi, hupoa na kukauka upesi. Ngoma hufungia joto ndani, na joto hilo likizidi, kama linavyoweza kuzidi katika mteremko mrefu wenye kona nyingi kutoka Lushoto hadi Mombo, utando hupoteza sehemu ya msuguano wake na dereva hulazimika kukaza zaidi ili apate matokeo hafifu zaidi.

Ubanaji wa gharama hauishii katika kuchagua ngoma badala ya diski, kwa sababu hata ngoma zenyewe hutofautiana. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 130 ina nguvu zaidi na eneo kubwa zaidi la kupokea joto kuliko ile ya milimita 110, lakini zote mbili hufungwa katika pikipiki ambazo kwa macho ya mnunuzi zinafanana, na tofauti hiyo haionekani kwa kuwa imefichwa ndani ya kitovu. Dukani mnunuzi huoneshwa rangi ya tangi, ngao za kukinga injini na sehemu ya kuchajia simu, na ni nadra kuelezwa kipenyo cha ngoma au umbali ambao chombo kinahitaji ili kisimame kikiwa na watu wawili. Inaeleweka kwamba mtengenezaji anayeshindania bei atapunguza kwanza pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Jambo lisilokubalika ni mamlaka za umma nazo kutokuwa na jicho linalofika hapo.

Uzito wa suala hili hudhihirika kwa hesabu ndogo. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele, na kwa sababu hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo wa kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, ilhali la nyuma hupungukiwa na uzito na huteleza kwa urahisi. Chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa, ambacho breki zake mbili zikifanya kazi pamoja hukipunguzia mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, husimama baada ya mita 23 hivi tangu breki ziliposhika. Breki zikiwa na nusu tu ya nguvu hiyo, kama inavyotokea dereva anapotegemea breki ya mguu peke yake, umbali huo huwa mita 46. Pale ambapo pikipiki ya kwanza imekwisha kusimama, ya pili bado inakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto aliyekatiza barabara atashtuka au atagongwa. Hesabu hii bado haijagusa mtindo wa mishikaki, ambapo abiria wawili au zaidi hupakiwa nyuma ya dereva na kuzielemea breki ambazo hata kwa abiria mmoja zilikuwa haba.

Dawa ya udhaifu huu inajulikana, na nchi nyingine zimeiandika katika sheria. Nchini India, ambako hutoka sehemu kubwa ya bodaboda za Afrika Mashariki, tangu tarehe 1 Aprili 2019 pikipiki mpya zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 zinapaswa kuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge na kuteleza wakati wa breki kali, na zile zisizozidi kiwango hicho zinapaswa kuwa na angalau breki zilizounganishwa, yaani mpangilio ambao dereva akikanyaga breki ya nyuma, ile ya mbele nayo hushika kwa kiasi. Umoja wa Ulaya uliweka sharti linalofanana na hilo kwa aina mpya za pikipiki kuanzia mwaka 2016. Masharti hayo, hata hivyo, humlinda anayenunua katika masoko hayo, na hayamlazimishi mtengenezaji kufunga kifaa hichohicho katika chombo anachokipakia melini kuelekea Dar es Salaam au Mombasa.

Wapo wanaotoa hoja kwamba ngoma inafaa zaidi mazingira ya vijijini, kwa kuwa fundi yeyote anaimudu, spea zake zinapatikana hadi magulioni, na matope hayaifikii kwa urahisi, na kwamba diski itapandisha bei na kumnyima kijana ajira. Hoja hiyo ina ukweli na inastahili jibu la haki. Breki zilizounganishwa hazihitaji diski wala umeme. Zinaweza kujengwa kwa waya na wenzo juu ya ngoma zilezile ambazo fundi wa kijijini anazifahamu, na hivyo ndivyo zilivyo katika pikipiki nyingi ndogo zinazouzwa India kwa watu wa kipato cha chini. Zaidi ya hayo, zinatibu hofu iliyoenea miongoni mwa madereva wengi kwamba breki ya mbele humpindua mtu, hofu inayowafanya wategemee mguu peke yake. Gharama inayookolewa kiwandani, kwa upande mwingine, haipotei, bali huhamia kwa familia inayouza shamba ili kulipia vyuma vya kuunganisha mfupa, na kwa wodi za majeruhi ambazo bajeti yake inatoka kwa mlipakodi.

Kwa muda mrefu lawama ya ajali imebebeshwa dereva peke yake, na ni kweli kwamba mwendo kasi, ulevi na kukosa mafunzo vinaua. Hata hivyo, askari wa usalama barabarani anapomtoza kijana faini kwa ubovu wa breki, anamwadhibu mtu wa mwisho katika mnyororo ulioanzia kwa mbunifu, ukapita kwa mwagizaji na kumfikia tajiri, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeulizwa swali.

Kwa hiyo Shirika la Viwango Tanzania, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, linapaswa kuhakikisha kwamba hakuna pikipiki mpya inayosajiliwa kwa ajili ya kubeba abiria bila kuwa na angalau breki zilizounganishwa, na kwamba zile zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 zinakuwa na ABS katika gurudumu la mbele, baada ya kipindi cha mpito kinachotangazwa mapema. Kila muuzaji naye atakiwe kubandika juu ya tangi, kwa Kiswahili, aina ya breki, kipenyo chake na umbali wa kusimama chombo kikiwa na watu wawili. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina utaratibu wa viwango vya pamoja, ilichukue jambo hili ili pikipiki iliyokataliwa katika nchi moja isipite mpaka wa nchi jirani.

Dereva anayekanyaga breki ghafla hana nafasi ya kujua ni nani aliyemchagulia ngoma ndogo. Wajibu wa kulijua hilo mapema ni wa wale walio na muda, ofisi na mamlaka ya kisheria.

Msomaji,
Morogoro