Kuruka na parachuti: Kwa wenye ulemavu, kikwazo kiko chini, si angani

Juni 12, 2014, George H. W. Bush alitimiza miaka 90. Kutembea alikuwa hawezi tena, lakini siku hiyo aliruka kutoka kwenye helikopta huko Maine, Marekani, akiwa amefungwa pamoja na mrukaji mzoefu.

Iliwezekana kwa sababu katika mruko wa wawili, mkufunzi ndiye anayefungua parachuti na kuiongoza. Asiye na nguvu miguuni hufungwa mikanda ya kumwinulia miguu wakati wa kutua.

Kazi kubwa iko chini: ruhusa ya daktari, kupanda ndege, watu wa kumbeba na kumpokea. Ndiyo maana kwenda kikundi kunasaidia, maandalizi yanafanyika mara moja kwa wote.

Uingereza wengi huruka kuwachangia walemavu. Wakiruka wenyewe, si wa kuchangiwa tu tena.