Ramani ya simu haijui masika
Anayepanga kuendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town, au hata Mwanza hadi Mpanda tu, asiulize ramani ipi ni nzuri; aulize imechorwa na nani na imesasishwa lini. Google Maps ni hodari mjini, penye simu nyingi za kuipasha habari za foleni, lakini porini huweza kukuchagulia njia kwa kuwa ni fupi tu, wakati Aprili udongo mweusi wa mbugani hunasa hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Organic Maps hutumia data za OpenStreetMap, mradi ulioanza 2004 ambao yeyote anaweza kuuongezea barabara, na ukishapakua nchi unazopita huhitaji intaneti. Tracks4Africa ni ya kulipia, ila imejengwa kwa kumbukumbu za GPS za wasafiri waliopita kweli, hivyo makadirio yake ya saa hayakudanganyi sana. Hata hivyo, kila ramani huchakaa: tangu Juni 2025 Kigongo hadi Busisi, mkoani Mwanza, watu wanavuka kwa daraja la kilomita 3, na programu iliyopitwa na wakati bado itakupeleka kwenye kivuko. Kwa hiyo pakua mbili kabla hujaondoka, beba chaja ya gari, na zikipingana, simama umuulize dereva wa lori anayetoka huko uendako. Akisema barabara imekatika, geuza gari, simu iseme itakavyo.